Utangulizi: Hesabu ya Maji, Joto na Barafu, Kutoka Garsen Hadi Ncha za Dunia

Somo ninalotaka kukufungulia mlango wake linahusu namna wanasayansi wanavyotumia kompyuta kukokotoa jinsi barafu ya bahari inavyokua na kupungua katika ncha mbili za dunia. Najua ulipo. Huko Garsen, Ngao, Wema au Kipini, mtu huiona barafu ndani ya friji au katika sanduku la samaki, basi. Ukiambiwa kwamba somo hili linakuhusu, huenda utatabasamu. Nakuomba subira kidogo. Kanuni zinazotawala barafu ya Aktiki ndizo zinazoutawala Mto Tana unapofura na kunywea, na mtu aliyekulia kando ya mto unaopanda na kushuka mara mbili kwa mwaka ana msingi mzuri wa kuzielewa.

Tutakwenda hatua kwa hatua. Tutaanza Garsen penyewe na hesabu ya maji. Kisha tutapanda Mlima Kenya, unakoanzia mto, tukajifunze hesabu ya joto. Baada ya hapo tutafika bahari za nchani, ambako inaongezeka hesabu ya mwendo. Mwisho tutaona jinsi hesabu hizo zinavyounganishwa, zinavyopimwa, na mahali zinapokosea. Hutahitaji hisabati zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Maneno ya kuanzia

Tutenganishe kwanza hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho: jua, upepo, manyunyu ya alasiri. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo ukitazamwa kwa muda mrefu, na kwa desturi wataalamu hutumia wastani wa miaka 30. Mvua za masika zikikosekana mwaka mmoja, hiyo ni hali ya hewa. Masika ya miongo kadhaa yakibadilika kwa mfululizo, hapo tunazungumzia tabianchi.

Neno la pili ni modeli. Modeli ni mkusanyiko wa milinganyo, yaani kauli za kihisabati zinazosema kwamba jumla ya huku ni sawa na jumla ya kule, iliyoandikwa kwa lugha inayosomwa na kompyuta. Mfikirie mwenye duka anayefunga daftari lake jioni: bidhaa alizokuwa nazo jana, akijumlisha zilizoingia na kutoa zilizotoka, ndizo anazopaswa kuzikuta rafuni leo. Modeli ya tabianchi ni daftari la aina hiyo, ila bidhaa zake ni maji, joto, chumvi na mwendo, na aghalabu hufungwa kila baada ya nusu saa. Kuiga, katika somo hili, ni kuianzisha modeli kwenye hali inayojulikana, kuiacha ifunge daftari mara maelfu kwa maelfu, kisha kutazama imefika wapi.

Hapa wanafunzi wengi huuliza swali la haki kabisa: ikiwa utabiri wa wiki ijayo hukosea, kompyuta itajuaje mambo ya miaka 30 ijayo? Jibu ni kwamba maswali hayo mawili ni tofauti. Hakuna awezaye kukuambia leo kama mvua itanyesha Garsen tarehe 14 Novemba ya mwaka ujao. Hata hivyo, unaweza kusema bila wasiwasi kwamba Novemba huwa na mvua nyingi kuliko Februari, kwa kuwa njia ya jua na majira ya pepo vinajulikana. Modeli ya tabianchi inajibu swali la aina hii ya pili. Inatafuta wastani na mwelekeo, na haiahidi tarehe.

Hesabu ya maji: mto na bonde lake

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Unaanzia katika safu za Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa matano ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unateremka Garissa na Hola, unafika Garsen, kisha unatawanyika katika delta hadi Kipini, kwenye Bahari ya Hindi. Delta ni ardhi ya chini inayojengwa na matope ambayo mto huyatua unapokaribia bahari. Delta ya Tana iliandikishwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sasa tuandike mlinganyo wetu wa kwanza, ambao ndio mama wa yote yatakayofuata: badiliko la akiba ni sawa na kilichoingia ukitoa kilichotoka. Akiba ya bonde la Garsen ni maji yaliyo mtoni, kwenye maziwa madogo, kwenye mashamba yaliyofurika na ndani ya udongo. Kinachoingia ni maji yanayotoka juu pamoja na mvua ya mahali penyewe. Kinachotoka ni maji yanayofika baharini, yanayozama ardhini, na yanayogeuka mvuke kwa jua. Maingizo yakizidi matoleo, maji hupanda kingo na eneo lililofurika hupanuka. Matoleo yakizidi, maji hurudi nyuma, mkulima Mpokomo hupanda kwenye tope lililoachwa, na mfugaji Muorma huingiza ng'ombe kwenye malisho mabichi. Wote wawili hutegemea badiliko hilo la akiba, na magomvi ya bonde hili mara nyingi hutokea pale ambapo hesabu haikutosha pande zote.

Mlinganyo huo ni mfupi, lakini una mambo matatu yasiyoonekana mara moja.

Kwanza, sababu yaweza kuwa mbali na matokeo. Garissa hupata chini ya milimita 400 za mvua kwa mwaka, ilhali sehemu za miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare hupata zaidi ya milimita 1,800. Ndiyo maana Garsen inaweza kufurika chini ya anga kavu. Modeli inayotazama mbingu ya Garsen peke yake ingekosa mafuriko yote makubwa.

Pili, maji hubadilika njiani. Baada ya Garissa hakuna mto mkubwa wa kudumu unaoongeza maji. Kilichopo ni malaga, yaani mikondo inayotiririka msimu wa mvua tu. Tana yenyewe humwaga maji yake mabondeni kadiri inavyoshuka, hivyo wimbi la mafuriko lililo refu na kali Garissa hufika Garsen likiwa limelainika na kuchelewa siku kadhaa. Mabwawa nayo huyashika maji kwanza na kuyaachia baadaye. Kila kituo kinahitaji ukurasa wake katika daftari, na matoleo ya kituo kimoja ndiyo maingizo ya kinachofuata.

Tatu, zipo tarakimu ambazo hakuna kanuni ya fizikia inayokupa moja kwa moja. Katika kila lita 100 za mvua zinazoanguka Nyeri au Murang'a, ngapi zitafika mtoni na ngapi zitanywewa na udongo? Inategemea misitu, mteremko, aina ya udongo na jinsi ulivyokuwa umelowa tangu jana. Mtaalamu huweka kadirio, huiendesha modeli, hulinganisha na kina cha mto kilichopimwa, kisha hurekebisha. Tarakimu ya namna hii huitwa parameta. Likumbuke neno hili, kwa sababu ubora na udhaifu wa modeli nyingi hukaa katika parameta zake.

Ukiyashika mambo haya matatu, umeshika msingi. Yanayobaki ni kuongeza kurasa.

Hesabu ya joto: barafu ya Mlima Kenya

Twende sasa juu kwenye chemchemi ya mto. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, na hapo, karibu kabisa na ikweta, kuna barafuto. Barafuto ni barafu ya nchi kavu inayojengwa na theluji iliyorundikana na kushindiliwa kwa miaka mingi, na ambayo huteleza polepole kufuata mteremko. Halford Mackinder alipofika kilele hicho mwaka 1899, mlima ulikuwa na barafuto 18. Nyingi zimetoweka. Iliyochunguzwa kuliko zote ni barafuto ya Lewis, ambayo Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliifuatilia kwa miongo kadhaa. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake.

Kabla hatujaendelea, niondoe wasiwasi mmoja. Je, barafu hiyo ikiisha, Tana itakauka? Hapana. Barafuto zote za mlima huo zikijumlishwa hazifikii hata kilomita moja ya mraba, na mto hulishwa na mvua, misitu na chemchemi za miteremkoni. Thamani ya Lewis kwetu ni kwamba inatufundisha jambo ambalo mto haukutufundisha: barafu huongozwa na hesabu mbili kwa pamoja, ya maji na ya joto.

Hesabu ya maji unaijua tayari: theluji huingia, maji yaliyoyeyuka hutoka. Hesabu ya joto ina umbo lilelile. Kinachoingia ni miale ya jua, joto linalorushwa chini na hewa na mawingu, na joto linaloletwa na upepo. Kinachotoka ni miale inayoakisiwa, joto ambalo barafu yenyewe hulirusha juu, na joto linalotumika kugeuza barafu kuwa mvuke. Ikiwa barafu imeshafikia nyuzi sifuri na joto bado linazidi, ziada yote huenda kwenye kuyeyusha.

Tupige hesabu moja. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334. Joto hili huitwa joto fiche kwa kuwa halipandishi kipimajoto hata kidogo. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya barafu tu. Chukua barafu yenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa mita moja. Uzito wake ni karibu kilo 917, hivyo inahitaji takriban megajuli 306. Ziada ya joto ikiwa wati 100 kwa mita ya mraba, mchana na usiku, kazi hiyo itachukua takriban siku 35. Umeona? Tayari umeendesha modeli ndogo ya kuyeyuka kwa barafu, kwa karatasi na kalamu.

Kitu kimoja katika hesabu hii kina nguvu kuliko unavyodhani. Kinaitwa albedo, yaani sehemu ya mwanga wa jua inayoakisiwa na uso wa kitu. Theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80. Barafu tupu huakisi asilimia 50 hadi 70. Maji ya bahari huakisi kama asilimia 6 tu na kumeza mwanga uliobaki. Theluji ikipungua juu ya Lewis, uso wenye rangi nyeusi zaidi hubaki wazi, jua humezwa zaidi, na barafu huyeyuka haraka zaidi hata kama hewa haikuongezeka joto. Kwa sababu hiyo ukavu wa Afrika Mashariki umeziathiri barafuto zetu kwa njia mbili: umezinyima theluji na umezivua ngao yao.

Barafu inayozaliwa na bahari

Sasa tuko tayari kwenda nchani. Barafu ya bahari ni tofauti na barafuto. Hii huzaliwa na maji ya bahari yenyewe yanapoganda, na huelea juu yake. Maji ya kawaida huganda kwenye nyuzi sifuri, lakini maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi, husubiri hadi karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Yanapoganda huisukuma nje chumvi nyingi, nayo huyafanya maji yaliyo chini kuwa mazito yakazama. Kwa hiyo daftari letu linapata ukurasa wa chumvi.

Hapa kuna mkanganyiko ambao ni vyema tuumalize mapema, hasa kwa msomaji wa Kipini au Ozi anayeona maji ya chumvi yakipanda mtoni. Kuyeyuka kwa barafu inayoelea hakuinui usawa wa bahari kwa kiasi cha kuhesabika, kwa kuwa barafu hiyo tayari imeshachukua nafasi yake majini. Kinachoinua bahari ni barafu ya nchi kavu inayoingia majini, kama ile ya Greenland na Antaktika, pamoja na maji ya bahari yenyewe kutanuka yanapopata joto.

Barafu ya bahari hukuaje? Baridi iko juu na maji yako chini, hivyo joto la maji hupanda kupitia barafu na kutokea hewani, na kwa kila joto linalotoka, tabaka jipya huganda upande wa chini. Mwaka 1891 mwanafizikia Josef Stefan wa Vienna aliandika mlinganyo wa jambo hili akitumia vipimo vya misafara ya nchani. Aliona kwamba barafu ikizidi kuwa nene, hujizuia yenyewe kukua, kwa kuwa joto lina safari ndefu zaidi ya kutoka. Tuseme uso wa barafu ni baridi kwa nyuzi 20 kuliko maji ya chini yake. Barafu ya sentimita 50 itaongezeka kama sentimita 2.4 kwa siku. Ya mita mbili itaongezeka robo ya hiyo, kama milimita 6. Hiki ndicho kinachoiokoa Aktiki kwa sehemu: barafu iliyokonda kiangazi hukua kwa kasi majira ya baridi yanapoanza.

Theluji ikianguka juu yake hutatiza hesabu. Theluji hupitisha joto kwa shida, takriban mara saba chini ya barafu. Majira ya baridi, theluji huifunika barafu na kuichelewesha kukua. Wakati wa kiangazi, huakisi jua na kuichelewesha kuyeyuka. Kitu kilekile hupinga pande zote mbili, na modeli lazima ijue ni msimu gani.

Kiangazi kinapofika, albedo hushika usukani. Barafu ikiyeyuka kidogo, maji meusi hufunguka, hunywa jua zaidi, hupata joto na kuyeyusha barafu ya pembeni, nayo hufungua maji zaidi. Mzunguko ambao matokeo yake hurudi kukuza chanzo chake huitwa mrejesho unaojikuza. Ni mojawapo ya sababu kwa nini Aktiki imepata joto kwa kasi inayozidi mara kadhaa ile ya wastani wa dunia.

Mwaka 1971 Gary Maykut na Norbert Untersteiner walichapisha modeli iliyojumuisha theluji, chumvi na joto ndani ya nguzo moja ya barafu. Ilikuwa nzito kwa kompyuta za wakati huo, na mwaka 1976 Albert Semtner akaipunguza hadi tabaka chache, ndipo ikaweza kutumika katika modeli za dunia nzima. Hilo nalo ni somo la fani yetu: ustadi wa mtaalamu huonekana pia katika anachoamua kukiacha.

Ukurasa wa mwendo

Hadi hapa barafu yetu imekaa kimya mahali pamoja. Ukweli ni kwamba inasafiri. Fridtjof Nansen aliiacha makusudi meli yake, Fram, igandishwe katika Aktiki mwaka 1893, nayo ikabebwa na barafu hadi ilipoachiwa upande wa pili mwaka 1896. Nansen alitambua pia kwamba barafu haifuati upepo moja kwa moja. Huko kaskazini hupinda kuelekea kulia, kwa sababu dunia inazunguka.

Modeli hukokotoa mwendo huo kwa kujumlisha misukumo: upepo juu, mkondo chini, mzunguko wa dunia, mteremko wa uso wa bahari, na msukumo wa kipande kimoja cha barafu dhidi ya kingine. Huu wa mwisho ndio mgumu. Vipande vikivutwa kutengana, hupasuka kwa urahisi na kuacha maji wazi. Vikibanwa pamoja hupinga kwa nguvu, kisha huvunjika na kupandana, vikijenga matuta mazito. Mwaka 1979 William Hibler alipendekeza tuione barafu, kwa ukubwa wa kilomita nyingi, kama kitu chenye mnato kinachotiririka polepole hadi kikazidiwa na kubonyea. Modeli nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Kutokana na kupasuka na kupandana huko, eneo moja huwa na barafu za unene mbalimbali kwa wakati mmoja. Alan Thorndike na wenzake walionyesha mwaka 1975 jinsi ya kutunza hesabu ya unene wote kwa pamoja. Modeli za kisasa aghalabu hugawa barafu ya eneo moja katika makundi kama matano, na kulitunzia kila kundi daftari lake. Ni hekima ileile ya kutowaweka wakulima wote wa delta katika wastani mmoja: aliye ukingoni na aliye mbali na mto hawapati mafuriko sawa.

Kuunganisha kurasa zote

Hewa, bahari, nchi kavu na barafu vinategemeana, kwa hiyo modeli ya tabianchi huviendesha pamoja. Syukuro Manabe na Kirk Bryan waliunganisha modeli ya hewa na ya bahari mwaka 1969, na Manabe akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2021 kwa kazi yake ya kuiga tabianchi kwa hesabu.

Ili kompyuta iweze kazi hiyo, dunia hugawanywa katika gridi, yaani wavu wa miraba, na kila mraba hupewa tarakimu moja ya joto, moja ya unyevu, na kadhalika. Katika modeli nyingi za dunia, upande mmoja wa mraba wa hewa ni karibu kilomita 100. Litazame hilo kwa macho ya nyumbani. Kutoka Garsen hadi Kipini, kwa mstari wa moja kwa moja, ni kama kilomita 55. Delta nzima, na mashamba yake, mikoko yake, malisho yake na maziwa yake, inaweza kumezwa ndani ya mraba mmoja. Mlima Kenya hulainishwa ukawa kama uwanda wa juu, na barafuto ya Lewis haionekani kabisa. Yote yaliyo madogo kuliko mraba, kuanzia wingu la mvua ya radi hadi ufa kwenye barafu, huwakilishwa kwa parameta, lile neno nililokuomba ulikumbuke. Wanaotaka kujua mambo ya Garsen huchukua matokeo ya modeli ya dunia, huyapeleka kwenye modeli ya miraba midogo ya eneo, kisha kwenye modeli ya mto.

Modeli hupimwaje?

Kipimo cha kwanza ni yaliyopita. Modeli huanzishwa katika karne ya 19 na kuachwa ikokotoe hadi leo, kisha hulinganishwa na kilichotokea. Setilaiti zimepima eneo la barafu ya bahari bila kukatika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Zinaonyesha kwamba Aktiki hufikia kilele chake Machi na kima cha chini Septemba. Septemba 2012 barafu yake ilishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko chochote kilichopimwa na setilaiti hizo. Eneo hilo ni karibu mara sita ya Kenya, na bado ni dogo kwa Aktiki.

Kipimo cha pili ni watu walio uwandani. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Nino zilipokuwa zikiifurisha Tana, meli ya Kanada iitwayo Des Groseilliers ilikuwa imegandishwa katika Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska. Ilikaa humo mwaka mzima huku wanasayansi wakipima kila kinachoingia na kinachotoka katika hesabu ya joto. Vipimo vyao vinatumika hadi leo kurekebisha parameta.

Kuhusu makosa, nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu fani inayoficha makosa yake haistahili mwanafunzi. Modeli nyingi zilieleza vizuri kwamba barafu ya Aktiki ingepungua, ila kadhaa zilikadiria kasi ndogo kuliko iliyotokea. Kusini zilipata shida zaidi. Zilionyesha upungufu, ilhali barafu inayoizunguka Antaktika iliongezeka kidogo hadi katikati ya miaka ya 2010, kisha ikaporomoka, na Februari 2023 ikashuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8.

Nyumbani nako tuna fumbo letu. Modeli nyingi husema kwamba dunia ikipata joto, mvua za masika za Afrika Mashariki zitaongezeka. Vipimo vilionyesha masika yakipungua tangu miaka ya 1980 kwa takriban miongo mitatu. Watafiti wameliita jambo hili kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na bado wanakitegua. Katika mvua za vuli modeli hufanya vizuri zaidi, kwa kuwa vuli hufuata kwa ukaribu joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa magharibi yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakiwa baridi, mvua huzidi huku kwetu. Ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997, 2019 na 2023, miaka ambayo mvua za vuli zilipita kiasi. Na baina ya miaka hiyo ya mvua kubwa, kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ilikosa mvua kwa mfululizo. Kituo cha kanda cha tabianchi, ICPAC, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutumia uhusiano huu kutoa utabiri wa misimu.

Usidhani makosa haya yanaibatilisha fani. Kila kosa limeonyesha ukurasa wa daftari uliokuwa na tarakimu dhaifu: mkondo fulani wa bahari, wingu fulani, upepo fulani. Modeli inayokosea mahali panapojulikana inafaa kwa kazi. Ya kuogopwa ni ile ambayo hakuna aliyeipima.

Neno kwa anayeanza

Ukitaka kuendelea, anza na fizikia ya joto na hisabati ya kidato, kisha ujifunze lugha moja ya programu. Python inatosha kwa mwanzo, na hupatikana bure. Mlinganyo wa Stefan unaweza kuuandika kwa mistari isiyozidi kumi. Takwimu za setilaiti za barafu ya bahari hutolewa bure kwa umma na kituo cha taifa cha Marekani cha data za theluji na barafu kilichoko Boulder, Colorado, na unaweza kuzilinganisha na hesabu yako.

Wakati huohuo usiudharau ujuzi wa mahali ulipo. Parameta za modeli za mto hurekebishwa kwa vipimo vya kina cha maji, mvua na udongo, na katika bonde la Tana vipimo hivyo ni vichache kuliko vinavyohitajika. Mwalimu wa Tarasaa mwenye kipimamvua shuleni, au mzee wa Hewani anayekumbuka maji ya 1961 yalifika kwenye mti gani, wana tarakimu ambazo hakuna setilaiti iliyozirekodi. Ziandikeni, wekeni tarehe, na mzikabidhi kwa watafiti. Fani hii ina wahesabu wengi wa nchani na wachache mno wa Garsen. Nafasi yako ipo. Njoo uichukue.